Siku Babu Alipofungiwa Ndani: Tashtiti, Jinsia na Neno "Shoga"

Mwaka mmoja wa ukame, nikiwa mtoto kaskazini mwa Singida, bibi alitufungia ndani mimi na babu. "Leo mwanamume hatoki," alisema, kisha akaenda kuungana na wenzake. Tulisikia nyimbo zikipita nyuma ya nyumba, zikitaja maumbile ya wanaume waziwazi na kuyacheka. Babu, ambaye siku nyingine kikohozi chake kilitosha kuunyamazisha ua mzima, alikaa akichokora jivu bila kusema neno.

Hiyo ndiyo ngoma ya mvua ya wanawake wa Ihanzu, nchi ya Wanyisanzu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mvua zikikawia, wanawake hutoka wakiwa wamevua nguo, wakaimba matusi ambayo katika siku za kawaida yangewatia aibu. Hakuna anayewashtaki, kwa kuwa wanaiombea nchi nzima.

Wataalamu wamegongana juu ya maana yake. Max Gluckman, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1954, aliziita sherehe za namna hii kusini mashariki mwa Afrika matambiko ya uasi: wanyonge hupewa siku moja ya kuwadhihaki wakubwa, kisha kila mtu hurudi mahali pake na mamlaka hubaki imara. Todd Sanders, aliyefanya utafiti Ihanzu, aliipinga tafsiri hiyo katika makala yake ya mwaka 2000. Kwa Wanyisanzu, alieleza, mvua hupatikana pale nguvu ya kike na ya kiume zinapokutana. Ndiyo maana hata utemi wao, uliokuwa na makao yake Kirumi, ulikuwa na watawala wawili, mwanamume na mwanamke.

Mimi naongeza jambo moja. Siku ile wanawake walitwaa majigambo na lugha chafu, vitu tulivyoambiwa ni vya wanaume, na hakuna aliyesema wameharibika. Ngoma ilionyesha kwamba uanamume na uanamke ni mavazi pia: huvaliwa, huvuliwa, huazimwa. Tena dhihaka yao ilipanda juu, kwa mwenye ua. Hiyo ndiyo tashtiti kamili.

Naikumbuka ngoma hiyo kila nitazamapo vichekesho vya runinga zetu. Mwanamume hufunga kanga, hubana sauti, na ukumbi mzima huanguka kwa kicheko. Wapo mafundi wa sanaa hiyo. Joti wa Orijino Komedi ameigiza wanawake kwa ustadi nisioukana. Lakini mara nyingi nauliza: hapa anachekwa nani? Anachekwa mume anayemkandamiza mkewe, au anachekwa mwanamke kwa kuwa mwanamke, na mwanamume laini kwa kufanana naye?

Jibu limejificha katika neno moja. Wanawake wa pwani huitana "shoga", yaani rafiki wa kike wa karibu, mwenza wa siri. Ni neno la mapenzi. Likimwelekea mwanamume, neno lilelile hugeuka jiwe. Kwa hiyo tusi halikutengeneza maana mpya kabisa. Lilichukua urafiki wa wanawake likaufanya fedheha. Anayemdharau shoga wa kiume amekwisha kumdharau shoga wa kike.

Na jiwe hilo lina uzito. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, sheria yenye asili katika utawala wa Mwingereza, kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa tendo linaloitwa kinyume na maumbile. Mtu akitupiwa neno hili barazani, hatupiwi mzaha mtupu.

Shuleni kwetu palikuwa na mvulana aliyependa kuwasuka dada zake nywele. Tulimwita shoga kila siku, tukibana sauti kama waigizaji. Nami nilikuwa hodari wa kumwigiza. Darasa la sita hakurudi, na hatukuuliza aliko.

Sisi tuandikao beti tunajua kuchagua kina na mizani. Tuchague pia shabaha. Bibi yangu, asiyejua kusoma, alijua kicheko chake kinamwendea nani. Mimi, mwenye daftari na kalamu, nilikielekeza kwa mtoto aliyeshika kitana.