Kunyoa kwa Maji na Kunyoa Kavu

Methali yetu yasema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Siku moja nilimwuliza kijana wa Gando, katika kisiwa cha Pemba, maji hayo ni ya nini. Akanijibu kwamba ni ya kuoga baada ya kunyolewa. Simlaumu. Amezaliwa zama za mashine, wala hajapata kuona kichwa kikiloweshwa.

Zamani kinyozi alikuwa na wembe wake, na watu wakingoja zamu. Nywele kavu ni ngumu. Zikilowa huvimba na kulainika, na wembe hupita bila kukwaruza ngozi. Lakini maji hayalainishi mara moja. Yataka dakika mbili tatu. Ndiyo sababu aliyefuata zamu alijitia maji wakati mwenzake angali chini ya wembe. Asiyejiweka tayari alinyolewa kavu, akaondoka na michubuko. Basi kiini cha methali ni zamu: jambo lililomfika mwenzako li njiani kukufikia.

Watu wa Pemba walio wengi ni Waislamu, na mafundisho yao yasifu kumnyoa mtoto siku ya 7, na kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zake. Nani athubutu kupitisha wembe mkavu juu ya utosi wa mtoto mchanga?

Mwaka 1904 King C. Gillette wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa wembe mwembamba wa kutiwa katika mpini. Mtu akaweza kujinyoa mwenyewe, lakini maji na sabuni vilibaki. Mwaka 1931 Jacob Schick, Mmarekani pia, alianza kuuza mashine ya umeme ya kunyolea ndevu kavu. Pemba ilipata umeme wa Bara mwaka 2010, kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ilitegemea mitambo ya dizeli. Mashine ya kinyozi hukata kwa meno yanayopishana, nayo hupenda nywele kavu.

Tusiidharau. Wembe hukata chini kabisa, na nywele za kipilipili zikikatwa hivyo hujikunja zikarudi ndani ya ngozi, zikafanya vipele. Mashine huacha kisiki kidogo, na vipele hupungua. Lakini chombo cho chote kinachotoka kichwa hata kichwa pasipo kusafishwa chaweza kuchukua maradhi. Na wembe wenye damu huambukiza homa ya ini na UKIMWI.

Hata hivyo lugha haijasahau uchungu wa zamani. Hata leo husemwa kwamba fulani "amenyolewa bila maji", maana yake ametendwa pasipo huruma. Kijana asiyejua kazi ya maji husikia maneno hayo mawili kama sauti tupu, na onyo lililomo humpita.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tukifundisha methali hii tuanze na bakuli la maji na wembe mpya, tuwaonyeshe watoto kazi yake. Kisha ndipo tuwaulize maana.