Uhuru wa Kongo: Kutoka Msitu wa Wakumu hadi 30 Juni 1960

Uhuru wa Kongo ulitangazwa Léopoldville (leo Kinshasa) tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo ilifunga miaka 52 ya utawala wa Ubelgiji, uliotanguliwa na miaka 23 ambayo nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II. Masimulizi mengi huanzia mijini, na vyama na magazeti ya miaka ya 1950. Anayekitazama kisa hiki kutoka Kibabi, kwenye milima ya Masisi na misitu ya Walikale jirani yake, ana haki ya kuanza mapema zaidi, maana huku ugomvi na dola ulianza na kazi ya lazima na ardhi. Neno uhuru lilikuja baadaye.

Uasi wa 1944

Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, baada ya dunia kujua jinsi mpira ulivyokusanywa kwa damu. Vita Kuu ya Pili ikaurudisha mpira huohuo. Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, Uingereza na washirika wake walikosa mpira na bati kwa mpigo, na Kongo ikatakiwa kuziba pengo. Siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Kwa mkulima maana yake ilikuwa hivi: theluthi ya mwaka si yake. Anaingia porini kutafuta mitambaazi ya mpira, anagema utomvu, anarudi na mzigo kwenye mizani ya watu wengine, na nyumbani shamba lake limeota majani. Asipotimiza, fimbo au jela.

Hapo ndipo Kitawala ilipopata wasikilizaji. Imani hii ilitokana na mafundisho ya Watch Tower, shirika la wasomaji wa Biblia la Marekani, yaliyopanda kutoka kusini mwa Afrika hadi Katanga na kwingineko. Jina lenyewe lilifanya nusu ya kazi ya wahubiri: «Tower» ilipopita vinywani mwa watu ikawa «tawala», na mwenye kujua Kiswahili hakuhitaji kuelezwa ni utawala wa nani unaozungumziwa. Miongoni mwa Wakumu, watu wa misitu hiyo, alitokea Bushiri, aliyejiita Mulumozi wa Yesu, akihubiri kwamba zamu ya wazungu imekwisha na kazi yao iachwe. Kati ya Januari na Mei 1944 uasi ulisambaa katika nchi ya Masisi na Lubutu, mpaka jeshi la kikoloni, Force Publique, lilipouzima. Mwezi Februari mwaka uleule askari wa jeshi hilohilo waliasi Luluabourg, Kasai. Watawala waliandika matukio haya kama ushirikina na utovu wa nidhamu. Ni vigumu kukubaliana nao: mtu anayekataa kugema mpira na kusema nani atawale ameshataja mambo mawili ambayo wanasiasa wa mjini waliyafikia zaidi ya miaka 10 baadaye.

Ardhi

Milimani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Comité National du Kivu, lililoundwa 1928, liligawia walowezi ardhi, na mashamba yao yakahitaji vibarua. Kuanzia 1937 serikali ikaleta familia kutoka Rwanda kupitia mpango uliodumu hadi 1955, watu wanaokadiriwa kuwa 85,000. Huko Gishari, kwenye ardhi iliyotolewa na watawala wa jadi wa Wahunde, wahamiaji walipewa utawala wao wenyewe, kisha ukafutwa 1957. Mkoloni ndiye aliyechora mipaka, na ndiye aliyeifuta.

Miaka minne ya haraka

Mwanzoni mwa 1956 profesa wa Kibelgiji, Jef van Bilsen, alipopendekeza mpango wa miaka 30 kuelekea uhuru, wenzake wengi walimwona anaharakisha mambo. ABAKO, chama cha Joseph Kasavubu, kilidai uhuru wa mara moja. Oktoba 1958 kikaundwa chama cha MNC cha Patrice Lumumba, karani wa zamani wa posta mjini Stanleyville, na Desemba yeye akahudhuria mkutano wa Waafrika wote mjini Accra. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ililipuka kwa ghasia. Siku 9 baadaye mfalme Baudouin akaahidi uhuru. Mkutano wa Meza ya Mviringo mjini Brussels, Januari na Februari 1960, ukapanga siku yenyewe. Katika uchaguzi wa Mei MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137. Kivu ilikuwa na chama chake, CEREA, na kiongozi wake Anicet Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba.

Siku ya tangazo

Marekani ilijitangazia uhuru 1776 vita vikiendelea, na Uingereza ikaukubali 1783. Kongo ilikwenda kinyume: saini kwanza, vita baadaye. Baudouin alimsifu Leopold II mbele ya bunge jipya. Kasavubu, sasa rais, akajibu kwa adabu. Lumumba, ambaye hakuwamo kwenye ratiba, akasimama na kukumbusha matusi, vipigo na ardhi iliyoporwa kwa jina la sheria. Kisha yeye na waziri mkuu wa Ubelgiji, Gaston Eyskens, walitia saini hati. Tarehe 5 Julai askari wakaasi maofisa wao Wabelgiji, na tarehe 11 Katanga ikajitenga.

Hati ile haikugusa suala la Gishari. Mwaka 1963 Masisi iliingia katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kanyarwanda, vilivyoendelea hadi 1965. Kilichogombewa ni mashamba, na nani awe na amri juu yake.