Jua la Adui, Jua la Mpenzi: Taashira ya Jua na Mwezi katika Tamthilia ya Kithai "Khu Kam"

Makala haya yanahusu taashira, mbinu ambayo watahiniwa wengi huitaja na wachache huieleza. Uliza darasa la Kidato cha Nne jua linaashiria nini, nawe utajibiwa kabla hujamaliza swali: matumaini, au dhiki. Mwezi je? Mapenzi. Majibu haya hukaririwa kama jedwali la kuzidisha na kutolewa kwa kila kitabu kinachotahiniwa, hata pale ambapo jua la mwandishi linaunguza mahindi tu. Ili kuonyesha namna taashira inavyofanya kazi, nimechagua makusudi utungo wa mbali ambao hauna mwongozo madukani kwetu: tamthilia ya runinga ya Thailand iitwayo Khu Kam. Neno khu ni jozi, na kam ni matendo ya mtu yanayomfuata na kumlipa, dhana ya dini ya Kibudha ambayo wengi huijua kama karma. Tungeweza kusema, takriban, wawili waliofungwa pamoja na matendo yao.

Asili yake ni riwaya ya Thommayanti, lakabu ya Wimon Chiamcharoen (1937–2021), iliyoandikwa miaka ya 1960. Iliingia kwenye runinga kwa mara ya kwanza mwaka 1970 na ikaigizwa upya mara kadhaa, zikiwemo 1990, 2004 na 2013, mbali na filamu. Toleo la 1990, ambamo mwanamuziki Thongchai McIntyre aliigiza mhusika mkuu wa kiume, lilipendwa mno. Humu nitashikilia yaliyo ya kisa chenyewe, si ya mwelekezi huyu au yule.

Angsumalin ni msichana wa Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto Chao Phraya unaopita Bangkok. Anaishi na mama na nyanya yake katika shamba la matunda kando ya mfereji. Rafiki yake wa utotoni, Wanas, anamtaka uchumba kabla ya kwenda kusoma Uingereza, naye anaahidi kumjibu atakaporudi. Kisha vita vinakuja. Kobori, afisa wa jeshi la wanamaji la Japani, anapewa usimamizi wa karakana ya meli jirani na shamba hilo. Anampenda msichana, msichana anamchukia kama anavyoichukia sare yake. Masengenyo na siasa vinawalazimisha kuoana. Wanas anarejea kisiri akiwa mfuasi wa Seri Thai, harakati za Wathai waliopinga Wajapani. Mwishowe Kobori anajeruhiwa vibaya na mabomu ya ndege za adui zake katika stesheni ya reli ya Bangkok Noi, na ni pale anapokata roho ndipo mkewe anapokiri kwamba alimpenda.

Bila historia kisa hiki hugeuka kuwa cha machozi matupu. Majeshi ya Japani yalitua Thailand tarehe 8 Desemba 1941. Baada ya saa chache za mapigano, serikali ya Phibunsongkhram iliyaruhusu kupita. Tarehe 21 mwezi huo nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa ushirikiano, na tarehe 25 Januari 1942 Thailand ikatangaza vita dhidi ya Uingereza na Marekani. Hali hii ni ngumu kuliko ile ya koloni. Koloni linamjua bwana wake. Mthai wa mwaka 1942 aliambiwa kwamba mtu mwenye bunduki mlangoni pake ni rafiki, na karatasi ipo kuthibitisha. Ndoa ya Angsumalin ni mkataba huo huo uliohamishiwa sebuleni: amri ya wakubwa, tabasamu za hadharani, na chuki chumbani. Mtahiniwa akiiita ndoa hiyo jazanda ya taifa, nitampa alama zake.

Sasa tuje kwenye jua. Majina mengi ya Kithai hutokana na Kisanskriti na Kipali, kama yetu mengi yanavyotokana na Kiarabu. Katika Kisanskriti, amshu ni mwale na mala ni koja. Angsumalin ni "mwenye kuvaa koja la miale", nalo ni mojawapo ya majina ya jua. Kwa hivyo shujaa wa kike anaitwa Jua. Na huyo mwanamume je? Anatoka nchi ambayo bendera yake ni duara jekundu la jua. Zaidi ya hapo, yeye ni mwanamaji, na bendera ya jeshi la wanamaji la Japani tangu mwaka 1889 haina duara peke yake: duara hilo lina miale 16 inayosambaa hadi ukingoni. Jua lililovaa miale! Msichana anaichukia bendera inayopepea kwenye karakana ya jirani, na jina lake mwenyewe ni maelezo ya bendera hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka mwalimu asimame na darasa lake. Tumezoea kufundisha kwamba majazi ni jina linaloafiki tabia ya mhusika: Bwana Chuma ni mkali, Bi. Rehema ni mpole. Jina la Angsumalin halifanyi kazi hiyo. Kwa muda mrefu wa kisa yeye si jua kwa mtu yeyote. Ni baridi, mwenye maneno makali, na anamwacha mumewe nje ya moyo wake. Jina lake linampa uhusiano. Mwandishi angeweza kumfanya Kobori awe jua na msichana awe mwezi, au mmoja nuru na mwingine giza, kama hadithi nyingi za mapenzi zifanyavyo. Badala yake amewapa wote wawili jua moja, kisha akawaweka katika pande mbili za vita. Swali la kisa limo humo: je, mtu anaweza kumchukia adui bila kujichukia kidogo, na kumpenda bila kusaliti nyumba yake?

Kobori anapojua maana ya jina hilo anampa mkewe jina la Kijapani, Hideko, akilieleza kuwa nalo ni jua. (Hideko huandikwa kwa namna mbalimbali, mojawapo hutumia alama za "jua" na "kutoka", yaani kuchomoza.) Katika imani ya Kijapani jua ni la kike: ni Amaterasu, mungu ambaye ukoo wa mfalme mkuu unadai kutokana naye. Kobori anapomwita mwanamke jua, amempandisha juu kabisa ya anachokiheshimu. Lakini Thailand imerithi kutoka India jua la kiume, Phra Athit, na mwezi wa kiume pia, Phra Chan. Sikio la Kithai halisikii mungu wa kike katika jina Hideko. Linasikia Kijapani, tena katika miaka ya sare na vizuizi barabarani.

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya kupewa jina na mwenye nguvu; babu na nyanya zetu wengi walitoka darasani mwa misheni na jina ambalo hawakuingia nalo. Kwa hivyo jina Hideko lina sura mbili kwa pamoja. Ni jina la utani la mume anayependa, na ni jina la mtawala anayetia alama yake juu ya kitu. Kosa la jibu dhaifu ni kuchagua sura moja. Msichana anapoitwa hivyo mwanzoni, sura ya pili ndiyo iliyo mbele. Anapoitika mwishoni, ya kwanza imeshinda, ingawa ya pili haijafutika. Neno ni lile lile, mwitaji ni yule yule, na maana imehama.

Kuhusu mwezi nitasema machache, kwa sababu kisa chenyewe hakiupi kiti cha mbele. Katika ushairi wetu mpenzi ni mwezi, hasa wa siku ya kumi na nne, na anayetafuta mapenzi katika utungo huenda moja kwa moja kuutafuta. Mtazamaji wa Thailand naye ana mwezi wake wa mapenzi: mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya zamani, sikukuu ya Loy Krathong, watu wanapoelea mtoni vyombo vidogo vya shina la mgomba vyenye mshumaa na ubani, na wapendanao huachilia chombo kimoja pamoja. Mtazamaji huyo anakuja mbele ya runinga akiwa na kumbukumbu hiyo. Lakini mandhari ni Bangkok ya vita. Taa za mji zinaweza kuzimwa, mto hauzimiki. Usiku wa mbalamwezi Chao Phraya hung'aa kona kwa kona, na rubani aliye juu hahitaji ramani nyingine. Mwezi ule ule uliokuwa wa wapenzi sasa ni wa kuingia handakini. Hakuna kamusi ya taashira itakayokuambia hayo. Historia ndiyo itakayokuambia.

Mianga midogo ndiyo iliyopewa kazi kubwa. Wanas anahusishwa na mti wa lamphu ukingoni mwa maji, unaojaa vimulimuli usiku. Mti huu ni wa jenasi moja na mlilana wa mikoko ya Lamu, kwa hivyo walimu wa pwani wana kitu cha kuonyesha. Kimulimuli ni nuru ya nyumbani, ya utotoni. Inapendeza na haiunguzi, na haitoshi kumulika njia. Kobori kwa upande wake analeta nyota. Anamsimulia Angsumalin ngano ya Tanabata: nyota mbili zipendanazo, mfumaji na mchungaji, zilizotenganishwa na Njia Nyeupe na kuruhusiwa kukutana mara moja tu kwa mwaka, usiku wa saba wa mwezi wa saba. Wathai huiita njia hiyo ya angani njia ya tembo mweupe. Kobori anapokufa, usiku, huko ndiko anakosema atamngoja mkewe.

Jua basi halipo kwenye tukio ambalo kisa kizima kilikuwa kikilielekea. Nadhani hilo ni la makusudi. Jua ni la madola. Limo kwenye bendera na kwenye sare. Ungamo la Angsumalin linatolewa gizani, katikati ya vyuma na maiti, chini ya nuru ambayo bendera ya Japani haikuichora.

Wapo wanaoona kwamba kisa hiki kinausafisha uvamizi, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Kutoka upande huo huo wa magharibi Wajapani walijenga kati ya 1942 na 1943 reli ya kilomita 415 hivi kuelekea Bama. Ilikufia juu yake zaidi ya wafungwa 12,000 wa kivita na makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia. Reli hiyo ilijengwa kulisha jeshi ambalo askari wetu wa KAR walipambana nalo katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Wazee waliosimulia habari za Bama walikuwa ncha ya pili ya njia hiyo hiyo. Thommayanti hatupeleki huko. Anatupa Mjapani mmoja mpole katika karakana ya meli. Mnamo 1972, miaka michache baada ya riwaya kutoka, wanafunzi wa Thailand waliandamana wakitaka bidhaa za Kijapani zisusiwe, na kizazi hicho hakikosi kuuliza ni nani aliyenufaika na Kobori. Hata hivyo, tazama mahali anapofia. Bangkok Noi ndiyo stesheni ambako treni za magharibi zilianzia safari. Mwandishi angeweza kumuua popote. Mimi ninasoma hapo hukumu, fupi lakini ipo: mpole au si mpole, alikuwa sehemu ya mashine, na mashine ilipopigwa ilimchukua.

Kwa mtahiniwa, funzo la kiufundi ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Usiandike "jua linaashiria mapenzi". Andika jua la nani, linatajwa na nani, wakati gani wa kisa, na nini kimebadilika tangu lilipotajwa mara ya kwanza. Toa tukio, kisha toa maana. Na kama maana mbili zinavutana, ziseme zote mbili, mtahini hakukatazi.

Limebaki jambo la anwani. Anwani ya Kithai haina jua ndani yake; ina jozi na matendo tu. Kwa Kiingereza kazi hii imejulikana kwa anwani inayozungumzia kutua kwa jua kwenye mto Chao Phraya, na mfasiri huyo, kwa maoni yangu, alisoma vizuri. Mtu akisimama upande wa jumba la mfalme jioni na kutazama ng'ambo, jua la Bangkok hutua nyuma ya Thonburi, upande wa mashamba ya akina Angsumalin. Huko huko, ukingoni mwa mto, kuna hekalu la Wat Arun, yaani hekalu la Alfajiri. Japani ilisalimu amri tarehe 15 Agosti 1945. Kesho yake serikali ya Thailand ilitangaza kwamba vita ilivyovitangaza mwaka 1942 vilikuwa batili tangu mwanzo, na mkataba ule ukabaki bila mwenyewe.