Habari za Breki ya Mbele

Mtu akisimama kando ya barabara kuu pale Ruiru wakati wa alfajiri, huona pikipiki zikitokea kila upande. Hii imempakia mfanyakazi anayewahi zamu kiwandani Thika. Ile imefungwa madebe ya maziwa. Nyingine imebeba kreti za mkate hata dereva haonekani. Ngurumo za injini husikika mbali. Lakini kipo kitu kimoja kisichonguruma wala kusifiwa na mtu, nacho ndicho kiamuacho kama msafiri atarudi kwake jioni. Kitu hicho ni breki, na hasa breki ya gurudumu la mbele. Historia si ya wafalme na vita peke yake. Hata kipande cha chuma kina historia yake, na historia hii inatuhusu sisi.

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitia injini katika chombo cha mbao kilichofanana na baiskeli. Tangu hapo mafundi wa nchi nyingi walishindana kukifanya chombo hicho kiende mbio. Habari ya kukisimamisha ilikuja nyuma sana. Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilianza kazi mwaka 1903, lakini breki ya mbele haikuwekwa katika pikipiki zake ila katika zile za mwaka 1928. Kwa nini kukawia hivyo? Sababu moja ilikuwa hofu. Barabara nyingi za siku zile zilikuwa za udongo, na waendeshaji waliamini kwamba atakayegusa breki ya mbele ataanguka. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, maana juu ya changarawe gurudumu la mbele likikazwa ghafula huteleza, na mpandaji huwa chini kabla hajatambua lililomfika.

Breki zenyewe zilikuwa za aina mbili. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alibuni breki ya ngoma, ambayo viatu vyake hutanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuisugua. Mwaka huohuo Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski, ambayo sahani ya chuma hubanwa pande mbili. Ngoma ikatawala kwa miaka mingi. Lakini ina udhaifu wake. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto la ngoma hufungiwa ndani. Ngoma ikipata moto sana hutanuka ikajitenga na viatu, na breki hulegea wakati ule ule inapohitajiwa. Diski hukaa nje ikipigwa na upepo, basi hupoa upesi. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yenye breki za diski yalishinda mashindano ya Le Mans. Mwaka 1969 Honda ikaleta pikipiki iitwayo CB750, ambayo diski ya gurudumu lake la mbele ilibanwa kwa nguvu ya mafuta, nayo ikauzwa kwa watu wote.

Sasa na turudi kwetu. Kazi ya bodaboda ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na vijana wengi wakaingia katika kazi hiyo. Pikipiki nyingi zilizokuja, hasa zile za India, zilikuwa na breki ya ngoma mbele, ivutwayo kwa waya. Katika njia za vumbi baina ya mikahawa ya Ruiru na mashamba ya mananasi ya Thika, breki hiyo ilitosha. Kisha ikaja barabara mpya. Ujenzi ulianza mwaka 2009, na tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaifungua, yapata kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Barabara ikabadilika, pikipiki zilibaki zile zile.

Hapo hesabu ya darasani hugeuka kuwa jambo la uhai. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimamia huongezeka mara nne. Anayehitaji mita 12 kusimama akiwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, atahitaji mita 48 akiwa katika 80.

Mimi nilijifunza hayo kwa uchungu. Nilipoanza kazi ya ualimu, kijana mmoja alikuwa akinipeleka shuleni kila asubuhi. Alikuwa ameilegeza kabisa waya ya breki ya mbele. Nilipomwuliza, alicheka. "Mwalimu, hiyo hupindua mtu," akasema. Siku moja ya mvua lori lilisimama mbele yetu. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likafunga, pikipiki ikateleza ubavu, nasi tukaanguka. Mimi nilichubuka tu. Yeye alivunjika mguu, na kwa miezi mingi nyumba yake haikuwa na mtafutaji.

Alipopona alikwenda kwa fundi kutaka diski. Fundi yule mzee hakumpokea pesa upesi. Alimweleza kwamba diski haipachikwi kama kengele: yatakiwa gurudumu lenye mahali pa kufungia sahani, shokapu yenye mahali pa kushikia kibanio, pampu ya mkononi, na mpira wa mafuta, vyote vya kulingana. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, basi hayana budi kubadilishwa. "Ngoma iliyotunzwa, yenye viatu vipya na waya nzuri, ni bora kuliko diski iliyofungwa ovyo," akasema. "Lakini kwanza tengeneza mkono wako." Akamfundisha kubana polepole, akingoja uzito wa pikipiki uhamie mbele na tairi lishike lami, ndipo azidishe nguvu. Kijana alishangaa kuona kwamba breki aliyoiogopa ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.

Wataalamu nao waliujua udhaifu wa mkono. Mwaka 1988 BMW ilitoa pikipiki yenye chombo cha umeme kizuiacho gurudumu lisifunge. Mnamo Aprili 2019 sheria ya India ilianza kutaka kila pikipiki mpya iuzwayo nchini humo yenye injini ya zaidi ya sisi 125 iwe na chombo hicho, na zilizo ndogo ziwe nacho au ziwe na breki za mbele na nyuma zifanyazo kazi pamoja.

Vijana wasomaji, wengi wenu mna kaka anayetafuta riziki kwa pikipiki, na baadhi yenu mtainunua ya kwenu mkimaliza shule. Wauzaji watawaonyesha rangi na nguvu ya injini. Ninyi iinameni, mlitazame gurudumu la mbele, na mwulize itasimamaje. Kijana yule yungali akifanya kazi yake. Kila asubuhi, kabla hajampakia mtu, huisukuma pikipiki hatua mbili na kuibana breki ya mbele.