Ghubari: Jina la Kitu Kilichoondoka Angani

Umenifikia hapa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, waraka wa kurasa chache, uliotungwa kwa ajili ya shule na zahanati, ukieleza jinsi hewa ya miji ya Afrika Mashariki ilivyotakata katika miezi ile ya mwaka 2020 watu walipozuiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona. Na katika waraka huo kitu kile ambacho wataalamu wa hewa hukiandika kwa herufi PM na tarakimu 2.5, ambacho kwacho hewa ya mji hupimwa na kuhukumiwa, kimefasiriwa kuwa “mada chembechembe”. Nimelisoma fungu hilo tena na tena nikimtafutia mfasiri udhuru, nisiuone. Mada, kwa kila asomaye Kiswahili, ni jambo linalozungumzwa: mada ya mkutano, mada ya insha. Yamkini mfasiri aliikusudia maada, yaani kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi, neno ambalo vitabu vya sayansi vya shule zetu hulitumia. Na ijapokuwa maneno haya mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, Waswahili wameyatenganisha kwa irabu moja ili kila moja lifanye kazi yake, na asiyeijua tofauti hiyo hakustahili kukabidhiwa kazi ya kuwafundisha wengine.

Yaliyotukia mwaka ule yanajulikana. Rwanda ilifunga shughuli zake tarehe 21 Machi. Kenya ikatangaza kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili ikazuia watu kuingia Nairobi na kutoka. Uganda nayo ikasimamisha magari ya abiria, kisha na ya watu binafsi, kabla mwezi wa Machi haujaisha. Barabara zilipobaki tupu, wakazi wa Nairobi wakauona Mlima Kenya kutoka katika maghorofa yao, ulio mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na picha zake zikasambaa duniani. Na huko India watu wa Jalandhar wakaiona safu ya milima ya Dhauladhar, ambayo vijana wengi wa mji ule hawakupata kuiona wakiwa nyumbani kwao. Kwetu Tanzania haikutolewa amri ya kuwafungia watu majumbani: shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi, ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa mwezi wa Aprili hata tarehe 18 Mei, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) ukanyamaza, na wapagazi na waongoza wageni wa njia za Umbwe na Machame wakakosa riziki, walakini masoko ya Moshi yaliendelea na magari hayakukoma. Insafu yataka pia tukumbuke kwamba miezi hiyo ni miezi ya masika, na mvua nayo huisafisha hewa kwa kukiangusha chini kile kilichokuwa kikielea; basi asiyepambanua kazi ya mvua na kazi ya zuio asifanye haraka kutoa hukumu.

Lakini nauliza: ni kitu gani kilichoondoka, hata milima ikaonekana? Magazeti yetu yaliandika kwamba uchafuzi ulipungua. Uchafuzi ni tendo la mwenye kuchafua. Si kile kinachoelea mbele ya macho yetu na kuingia mapafuni mwetu. Mwizi ana wizi wake, na mali iliyoibwa ina jina lake mbali. Kitu hiki kilikuwapo juu ya miji yetu kwa miaka mingi, kikaondoka kwa majuma machache, kikarudi, na wenye lugha hawakuwa na neno moja la kukitaja kwalo wakati kinapokuja wala wakati kinapokwenda. Na hiyo ndiyo taksiri ninayoilaumu, kwa kuwa neno lenyewe limo katika hazina yetu tangu kale.

Kabla sijalitaja, na tuyaondoe yasiyofaa. Chembechembe halifai, kwa sababu waganga wamekwisha kulichukua: tuna chembechembe nyeupe za damu na chembechembe nyekundu, tuna chembechembe za urithi, na katika waraka unaozungumza habari za maradhi ya kifua, msomaji wa zahanati atadhani anaambiwa habari za damu yake. Vumbi halifai, kwa sababu vumbi ni kitu kikavu kilichotoka ardhini, na sisi tuishio juu ya tambarare za Sanya na Boma Ng'ombe tunalijua vumbi vizuri mno wakati wa kiangazi, ilhali sehemu kubwa ya kinachoelea juu ya miji haikutoka ardhini kabisa: ni masizi ya dizeli na ya kuni, na ni matone madogo mno yanayojiumba humo humo hewani kutokana na gesi za injini na za viwanda. Ukungu halifai, kwa kuwa ukungu ni maji matupu na hauna dhambi, nasi wa mlimani huamka ndani yake asubuhi bila kudhurika. Tena neno hilo hilo tumelipa uchafu unaoota juu ya mkate uliolala. Moshi halifai, maana moshi una mahali unapotoka na mtu aweza kuuonyesha kwa kidole, ila hiki kimekwisha kusahau kilikotoka.

Neno ni ghubari. Katika Kiarabu ghubari ni vumbi, hasa lile jepesi linalopanda na kukaa angani baada ya farasi kupita, wala halishuki upesi; na neno hilo Waarabu wamelitumia kuvipa majina vitu vingine. Kuna hati iitwayo hati ya ghubari, ambayo waandishi wa zamani waliiandika kwa herufi ndogo mno ili barua iweze kubebwa na njiwa. Na kuna tarakimu za ghubari, walizozitumia watu wa Maghribi, zilizopewa jina hilo kwa sababu ya ubao uliotandazwa vumbi ambao mahasibu walihesabia juu yake, na tarakimu hizo ndizo zilizovuka kwenda Ulaya na kurudi kwetu kama tunavyoziandika leo. Neno lilipofika pwani yetu, Waswahili hawakulipokea kama mtumwa apokeavyo amri. Walilipanua: wakaliita ghubari wingu la vumbi, na wakaliita ghubari vilevile wingu la mvua. Hapa ndipo penye ubora wake wote kwa shabaha yetu. Kile wanachokipima wataalamu si kikavu peke yake wala si majimaji peke yake, bali ni vitu vigumu na matone vikichanganyika, vidogo kiasi cha kutoshuka. Na katika maneno yote ya Kiswahili ninayoyafahamu, hili peke yake lilikwisha kuukusanya ukavu na umajimaji chini ya jina moja, pamoja na kuelea. Kamati ya istilahi haikuhitajiwa kulibuni. Ilihitajiwa kulikumbuka tu.

Nililipeleka pendekezo hili kwa kamati mojawapo, kwa barua yenye hoja zake zote, nisijibiwe. Baadaye nikaletewa habari kwa mdomo kwamba neno hili ni la kizamani, kwamba lina harufu ya pwani, na kwamba watu wa bara watashindwa kuutamka mwanzo wake. Hoja hizo hazina miguu. Watu wa bara husema ghali, gharama, ghafla, ghala na ghorofa kila siku ya soko, na hakuna aliyewahurumia. Tena tuna ushahidi ulio juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akimwongoza aliuita weupe ule baridi tu, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kuupa. Leo kila mtoto wa Kibosho husema theluji, neno la Kiarabu lenye sauti ngumu kuliko gh, akiwa na kitu chenyewe mbele ya mlango wa shule. Ikiwa theluji imekaa vyema vinywani mwa Wachaga, siuoni msingi wa kulikataa ghubari, isipokuwa ule wa watu wanaotaka kila neno jipya lizaliwe mezani pao. Na mwenzetu mmoja aliyeandika kwamba afadhali tuziache herufi PM kama zilivyo, kwa sababu “ndivyo dunia inavyosema”, ajibiwe kwamba mama apikaye kwa mafiga hasomi herufi hizo, naye ndiye anayedhurika kuliko mtu wa barabarani.

Kwa maana zuio la mwaka 2020 liligusa magari, halikugusa jiko. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokayo kwenye kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka huo huo. Na majiko ya kuni yaliyomo katika vihamba vyetu, yenye matundu madogo ya kupitisha hewa, yaliendelea kufuka kama kawaida wakati Nairobi ikishangilia mlima wake. Mtu akisema ghubari la jikoni na ghubari la barabarani, huyo mama atatambua mara moja kwamba ni kitu kimoja chenye asili mbili; akisema mada chembechembe ya ndani ya makazi, hatatambua neno.

Kuhusu matumizi nasema kwa ufupi. Kile chenye punje zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unywele wa mtu huzizidi upana zaidi ya mara 20 na ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu, kiitwe ghubari laini. Na jumla ya zile zisizozidi mikromita 10 iitwe ghubari la kumi. Hivyo tutasema kwamba tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa ghubari laini usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo, badala ya 10 za mwongozo wa mwaka 2005. Na tutasema kwamba vipima-ghubari vya Chuo Kikuu cha Makerere vimefungwa juu ya majengo na hata juu ya bodaboda za Kampala. Wingi wake, maghubari, tuwaachie mabaharia na washairi kwa mawingu yao ya mvua. Hiki kinachopimwa kisemwe kwa umoja, kama tusemavyo unga, kwa kuwa hupimwa kwa uzito na si kwa idadi.