Wiki Moja ya Mchanga

Mwishoni mwa Agosti, miaka mia moja na ushee iliyopita, moshi ulikatika katika mji wa Oldham, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mitambo ya mvuke iliyoendesha viwanda vya pamba ilizimwa, mafundi wakaingia kusafisha maboila, maduka yakafungwa, na familia nzima nzima zikaelekea stesheni zikiwa na masanduku na watoto wadogo. Bolton na Blackburn zilikuwa zimekwisha kupata zamu zao wiki kadhaa nyuma. Kila mji wa pamba wa Lancashire ulikuwa na wiki yake ya mapumziko kati ya Juni na Septemba, na wengi wa wasafiri hao walikuwa wakienda mahali pamoja: ufukwe wa Blackpool.

Wiki hizo zilianzia kanisani. Kila parokia ilikuwa na sikukuu ya mtakatifu wake, na usiku wa kuamkia siku hiyo watu walikesha. Viwanda vilipokuja, sikukuu zikabaki, na wafanyakazi wakaendelea kuzishika wapende wasipende matajiri wao. Mwenye kiwanda aliyekataa kufunga alikuta nusu ya mitambo haina mtu. Ikaonekana afadhali kufunga kila kitu kwa pamoja, na kuitumia nafasi hiyo kufanya matengenezo.

Tusidhani kwamba watoto waliokuwa wakichimba mchanga Blackpool walikuwa wanapumzika kutoka masomoni tu. Wengine walikuwa wafanyakazi. Sheria ya viwanda ya 1833 ilikataza mtoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo. Ile ya 1844 ikaleta utaratibu wa nusu siku: mtoto wa miaka 8 aliweza kushinda nusu ya siku kwenye mitambo na nusu darasani. Umri ulipandishwa kidogo kidogo hadi ukafika miaka 12 mwaka 1901, na utaratibu wenyewe ulifutwa na sheria ya elimu ya 1918. Kwa hiyo katika familia moja iliyokaa ufukweni mwaka 1890 ungeweza kumkuta mdogo wa miaka minne akijaza ndoo yake, na kando yake dada wa miaka kumi na moja ambaye Jumatatu inayofuata angerudi kuunga nyuzi zilizokatika. Pamba waliyoishika watoto wa mwisho wa utaratibu huo ilitoka Marekani na Misri, na baada ya 1903 kidogo ilianza kutoka Uganda, ikishushwa hadi Mombasa kwa reli na kupakiwa melini.

Blackpool yenyewe ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kilichopata bahati ya kuwa na mchanga mwingi. Katika karne ya 18 bahari ilikuwa dawa ya matajiri. Madaktari waliwaandikia wagonjwa kuoga maji ya chumvi, hata kuyanywa. Reli ilipofika mwaka 1846 mambo yakageuka. Mfanyakazi wa Preston au Bolton sasa aliweza kwenda na kurudi siku ileile. Mwaka 1871 Bunge likaongeza mapumziko ya kisheria, yakiwemo ya Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Kufikia sensa ya 1901 Blackpool ilikuwa na wakazi wapatao 47,000.

Lakini treni na sheria havilipi kodi ya chumba. Wiki ya mapumziko haikuwa na mshahara, na mtu alipotoka kazini Ijumaa alijua kwamba wiki mbili zingepita kabla ya kushika hela tena. Hapo ndipo vyama vya akiba vilipofanya kazi yake. Kiwandani, kanisani, mtaani, kulikuwa na mtu wa kukusanya senti chache kutoka kwa kila mwanachama kila wiki kwa mwaka mzima, na fedha zote ziligawiwa siku chache kabla ya safari. Sababu nyingine ilikuwa wanawake. Katika miji ya ufumaji kama Blackburn na Burnley, wanawake wengi walioolewa waliendelea na kazi ya kiwanda, na mshahara wao uliiwezesha nyumba kubakisha kitu. Huko Uingereza, maeneo machache sana yalikuwa na familia za wafanyakazi zilizoweza kukaa pwani siku saba mfululizo.

Kwa mama aliyefanya kazi kiwandani, wiki ya pwani ilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka mzima alimwacha mtoto mchanga kwa bibi au kwa jirani alfajiri, akarudi jioni kupika na kufua. Sasa alikuwa na mwanawe tangu asubuhi hadi usiku. Nyumba za wageni za Blackpool, ambazo nyingi ziliendeshwa na wanawake, zilikuwa na desturi yao: mgeni alilipia kitanda, alinunua chakula chake mwenyewe, na mama mwenye nyumba alimpikia. Kila familia ilikuwa na fungu lake jikoni, samaki wa hawa na nyama ya wale, na mwenye nyumba alitakiwa asivichanganye. Hata chumvi na siki za mezani zilitozwa. Vyumba vilikuwa na msongamano, watoto wanne kitanda kimoja, lakini mama hakuwa jikoni. Katika historia yote ya mapumziko ya familia ningeliweka jambo hili mbele ya gati na minara yote.

Ufukweni, shughuli zilikuwa chache na zilijirudia. Maji ya Blackpool hupwa mbali, yakaacha uwanja mpana wa mchanga mbichi unaoshikamana vizuri, na mtoto mwenye ndoo na sepetu ya mbao alikuwa na kazi ya kutwa: kujenga ngome, kuizungushia handaki, kuyasubiri maji yajae. Wasichana walikunja magauni na kuingia maji ya vifundoni. Wengi wao hawakujua kuogelea. Kulikuwa na vikaragosi vya Punch na Judy, mchezo ambao Samuel Pepys aliwahi kuuandika katika shajara yake mwaka 1662 alipouona London. Kulikuwa na punda, ambao hadi leo wanalindwa na kanuni za halmashauri ya mji: hupata mapumziko ya mchana, na Ijumaa hawafanyi kazi.

Mchanga huo ulijaa wachuuzi, waganga wa kienyeji na wapiga ramli hadi mwaka 1897 halmashauri ikaamua kuwaondoa. Wengi walihamia kwenye bustani za mbele za nyumba zilizoelekea bahari. Vikaragosi na wauza aiskrimu waliruhusiwa kubaki. Hivyo kwa amri ya baraza ufukwe ulizidi kuwa wa watoto.

Mnara wa Blackpool, wenye urefu wa mita 158, ulifunguliwa 1894 ukiwa na ukumbi wa sarakasi katikati ya miguu yake, ambao uliokoa siku nyingi za mvua. Mwaka 1904 ikaongezwa kwingineko mjini bembea kubwa ya kuzunguka angani iliyobuniwa na Hiram Maxim, mtu yuleyule wa bunduki ya Maxim. Bado inazunguka.

Malipo ya likizo yalichelewa. Sheria ya likizo yenye mshahara ilipitishwa 1938, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Serikali ikawahimiza watu wabaki makwao. Mabaraza ya miji yakapeleka vikaragosi na bendi katika bustani za mitaani ili watoto wapate walau kidogo. Baada ya vita pwani zilifurika kuliko wakati wowote, kisha ndege za bei nafuu za kwenda Hispania zikaanza kuwachukua watu, na viwanda vyenyewe vikafungwa kimoja baada ya kingine.

Kilichopotea zaidi ni zile zamu. Zamani shule za Oldham zilifungwa pamoja na viwanda vya Oldham, za Bolton pamoja na vya Bolton, kwa hiyo vyumba vya Blackpool vilijaa kwa awamu na familia hazikugombea wiki moja. Kufikia mwisho wa karne ya 20 kalenda za shule zilikuwa zimelinganishwa. Tangu 2013 walimu wakuu wa shule za umma England hawawezi kumpa mtoto ruhusa katikati ya muhula isipokuwa kwa sababu za kipekee, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya mzazi aliyetozwa faini, kwamba kuhudhuria shule maana yake ni kufuata utaratibu wa shule bila kuruka siku. Karibu nchi nzima sasa hubanana katika wiki sita za Julai na Agosti, na bei ya chumba chenye vitanda vya watoto hupanda siku ileile shule zinapofungwa.