Aloha: Salamu Iliyozaa Mtandao wa Hewani

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo ya leo yamenigharimu shilingi laki moja na nusu, kwa hiyo naomba mnitegee sikio.

Januari, shule zilipofunguliwa, nilikuwa natuma ada ya mtoto wa dada yangu kwa simu. Nikabonyeza, nikaweka namba ya siri, nikangoja. Kimya. Dakika mbili zikapita, nikatuma tena. Jioni ujumbe ukaingia, tena miwili: fedha zimepokelewa, fedha zimepokelewa. Shule ikaniambia kwa upole kwamba ziada itahesabiwa muhula ujao. Upole huo haukulipa kodi ya nyumba, maana laki na nusu ya pili ndiyo iliyokuwa kodi. Nilipomlalamikia kijana wa kibandani alinijibu: "Mtandao ulisumbua, mzee."

Mimi ninayekula kwa mawimbi ya redio kwa zaidi ya miaka 20, nilijiona mbumbumbu. Huo mtandao husumbuliwa na nini? Nikaanza kusoma, na masomo yakanipeleka hadi visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa mjini Honolulu, lakini wanafunzi na walimu wake wengine walikuwa visiwa vingine. Nyaya za simu zilikuwa ghali na hazikuaminika. Profesa Norman Abramson, pamoja na wenzake akiwemo Franklin Kuo, wakajiuliza: kwa nini tusitumie redio? Juni 1971 mtambo wao ukaanza kazi. Wakauita ALOHAnet, kwa salamu ya watu wa visiwa vile.

Sasa fuatana nami polepole, maana hapa ndipo maneno yote ya leo yalipo.

Walitumia masafa mawili ya redio. La kwanza lilikuwa la kompyuta kuu kusema na vituo vyote, kama mimi ninavyosema nanyi. La pili lilikuwa la vituo vyote kuijibu kompyuta, na hapo ndipo penye kazi, maana wote waligawana njia moja. Ujumbe ulikatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi, kila kimoja kikibeba herufi zisizozidi 80. Kifurushi kizima kilipita hewani kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Je, nani aanze kusema? Redioni kwetu mtangazaji mmoja akiwa hewani mwingine hunyamaza, na fundi huwasimamia. Abramson hakuweka msimamizi. Kila kituo kilisema kilipotaka. Vituo viwili vikisema pamoja, vifurushi viligongana na vyote viwili kuharibika. Huo ndio mgongano. Kompyuta kuu ikipata kifurushi kizima, ilirudisha stakabadhi: nimepokea. Stakabadhi isipokuja, kituo kilituma tena. Lakini, na hii ndiyo siri yenyewe, hakikutuma mara moja. Kilingoja muda wa kubahatisha, huyu kidogo, yule zaidi, ili wasigongane tena. Waswahili tunasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Abramson alikubali tangu mwanzo kwamba koleo litavunjika.

Hasara ilikuwepo. Hesabu zake mwenyewe zilionyesha kwamba njia ya namna ile haiwezi kutumika vizuri kupita asilimia 18 hivi. Wasemaji wakizidi, migongano huzaa marudio, na marudio huzaa migongano mingine. Hapo nikaanza kuelewa siku ya kufungua shule.

Mbegu ile ikaota kwingine. Mwaka 1973, Robert Metcalfe wa kampuni ya Xerox kule California, aliyekuwa amesoma maandishi ya Abramson, alibuni Ethernet, mtandao wa kompyuta kwa waya. Akaongeza adabu mbili: sikiliza kabla ya kusema, na ukisikia umegongana na mwenzio, nyamaza. Mwaka 1997 kikatolewa kiwango cha kwanza cha mtandao wa hewani ambao leo tunauita Wi-Fi, nao husikiliza kwanza, hungoja muda wa kubahatisha, na hudai stakabadhi. Hata simu ya mkononi, inapouita mnara kwa mara ya kwanza kuomba nafasi, hupiga hodi kwa mtindo uleule wa Hawaii.

Nisisitize jambo moja, maana watu huuziwa maneno wasiyoyajua. Wi-Fi siyo intaneti. Wi-Fi ni ile hatua fupi ya redio, kutoka simu yako hadi kile kijisanduku cha ukutani. Intaneti ni mitandao ya dunia iliyounganishwa pamoja. Alama ya Wi-Fi inaweza kuwaka yote na intaneti isiwepo, kama vile barabara ya mtaani inavyoweza kuwa nzuri na daraja la mto limevunjika.

Nirudi kwenye laki na nusu yangu. Si kila usumbufu ni mgongano wa hewani. Mitambo ya kampuni nayo huelemewa. Lakini funzo ni moja. Kimya kina maana mbili: ama ujumbe haukufika, ama umefika na stakabadhi ndiyo iliyopotea njiani. Anayengoja hawezi kuzitofautisha. Mafundi walilijua hilo, wakavipa vifurushi namba, ili kinachofika mara mbili kihesabiwe mara moja. Mimi nilipobonyeza upya sikurudia ujumbe wa kwanza. Nilianzisha malipo mapya yenye namba mpya. Mashine haikukosea. Ilitii amri mbili.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, simu ikinyamaza baada ya kutuma fedha, usiwe na pupa. Ngoja, kisha uliza salio. Likiwa limepungua, fedha zimetoka. Likiwa vilevile, ngoja tena uulize tena, au wapigie wahusika, kabla ya kurudia.

Profesa Abramson alifariki dunia Desemba 2020. Mashine alizozifundisha subira zimejaa mifukoni mwetu. Sisi wenye mifuko ndio tuliobaki nyuma.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.